Dhahabu Safi, Mikono Je?

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize: mtu anayenunua sarafu ya kale ya dhahabu, ananunua nini hasa? Dhahabu, uchache wake, au na machozi yaliyoigharimu?

Mimi dhahabu sijawahi kuishika, naisoma tu vitabuni. Lakini zipo sarafu zinazoninyima usingizi: zile za Albrecht von Wallenstein, mtawala wa jimbo la Friedland huko Bohemia, nchi iliyo leo katika Jamhuri ya Cheki. Alizitengenezea mjini Jičín, na sura yake mwenyewe juu. Dukati moja ilikuwa na gramu 3.5 hivi, dhahabu karibu tupu. Nyingine zilikuwa kubwa, za dukati 10. Zimebaki chache, na wakusanyaji huzigombea minadani.

Sasa sikia kisa chake. Mwaka 1622 Wallenstein alikuwa miongoni mwa wakubwa na matajiri waliokodishwa na Kaisari Ferdinand wa Pili kazi ya kutengeneza sarafu za Bohemia. Wakapunguza fedha, wakazidisha shaba. Bei zikapaa, akiba ya mnyonge ikawa si kitu. Mwishoni mwa 1623 serikali ikazishusha thamani sarafu hizo. Wallenstein wakati huo keshanunua mashamba ya waasi walionyang'anywa mali, Friedland ikiwemo, na sehemu ya malipo ilikuwa hizo hizo sarafu mbovu! Kumbe jimbo lililotoa dhahabu safi lilinunuliwa kwa shaba.

Wazee walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Hapa kinachong'aa ni dhahabu kweli. Uchafu uko kwingine.

Rafiki yangu mmoja ananibishia: "Sarafu haina kosa, bwana. Mwenyewe aliuawa 1634, dhahabu ifanyeje?" Naam, sarafu haina kosa. Lakini mkusanyaji ana macho na ana hiari. Akiipenda kwa uzuri wake tu, anaendeleza kazi aliyoitaka Wallenstein: tuitazame sura yake, tusiulize.

Je, aitupe? La hasha! Aitunze. Ila kando yake aweke kijisarafu kibovu cha 1622, kile kilichofubaa, ambacho mnadani hakigombewi. Avitazame vyote viwili kwa pamoja. Asiyeweza kuvumilia hicho kidogo, huyo hakusanyi historia. Anakusanya sifa za wakubwa.

Wewe mwenzangu, ungekiweka?