Amana Iliyomo Mifupani

Katika vitu vyote awezavyo mwanadamu kumpa mwenziwe, sikijui kilicho cha ajabu kuliko seli shina za damu, kwani mtoaji hapungukiwi, uloto wake ukizifidia kwa muda mfupi, ilhali aliyezipokea, Mola akimjaalia, hupata chimbuko jipya la damu badala ya lile lililoharibiwa na maradhi.

Mimi nilizitoa London, kwa njia ya daftari la wahisani liitwalo Anthony Nolan, jina la mtoto ambaye mama yake, Bibi Shirley Nolan, aliliasisi mwaka 1974 ili amtafutie mwanawe mtu wa kulandana naye. Mtoto akafariki mwaka 1979 asipatikane wa kumfaa, lakini daftari halikufungwa, likaendelea kuwatafutia wana wa wengine kile alichokikosa yeye. Hisani ya mama huyo naiona kubwa mno kuliko yangu. Mimi nilichomwa kwa siku kadhaa sindano za dawa izisukumayo seli zitoke ulotoni ziingie katika mkondo wa damu, kiuno na mgongo vikaniuma kama mtu aliyeshinda akitwanga, kisha nikalala kitandani kwa saa nyingi, damu ikitoka mkono mmoja, ikipita katika mashine iliyozitenga seli zilizohitajiwa, na iliyobaki ikirejea kwa mkono wa pili.

Alama zinazowalandanisha watu wawili hurithiwa, nusu kwa baba na nusu kwa mama, hata ndugu wa tumbo moja hulandana mmoja tu kwa kila wanne. Asiyebahatika kwao hutafutiwa kwa maajnabi, aghalabu wa nasaba ya mbali moja na yake. Huko Marekani mzungu hupata mlandani kamili daftarini kwa takriban asilimia 79, na mtu mweusi kwa asilimia 29. Na sisi watu wa Pwani, ambao nasaba zetu zimechanganyika karne kwa karne baina ya Mrima, Ngazija na Hadhramaut, hatuwezi kutumaini kwamba mtu wa Ulaya atatubebea alama zetu. Ndiyo maana naamini kwa dhati kuwa nilichokitoa hakikuwa mali yangu, bali amana ya mababu, na mgonjwa aliyekipokea alikuwa na fungu lake humo kabla hatujazaliwa.

Mama yangu, aliyeko Mombasa, aliniuliza, “Mwanangu, huyo uliyempa ni wa ukoo gani?” Nikamwarifu kuwa kanuni haziruhusu kujuana kabla ya miaka 2 kutimia, ila damu yake imelandana na yangu. “Basi ni wetu,” akasema, na tangu hapo humtaja katika dua zake pamoja na wanawe.

Daftari la Anthony Nolan huandikisha wenye umri wa miaka 16 hadi 30, nami wapwa zangu wote walio hapa Uingereza nimekwisha kuwahimiza. Siku ya kujiandikisha hapatakiwi sindano. Hupitishwa kijiti chenye pamba ndani ya shavu, basi.