Khutba ya Ijumaa: Aliyetolewa Kisimani

Khutba ya kwanza

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku waja wake nchi kavu na majini, amwonaye mja wake katika giza la ziwa usiku kama amwonavyo mchana kweupe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa hali baba yake amekwisha kuzikwa, akafiwa na mama yake akiwa na miaka 6, akafiwa na babu yake akiwa na miaka 8, kisha akalelewa na ami yake na kuchunga kondoo wa watu wa Makka. Na ziwashukie aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na ucha Mungu ninaokusudia kuusema leo ni ule unaopimwa pale bandarini alfajiri, mashua zinaposhusha watu na mizigo, na miongoni mwa wanaoshuka akawamo mtoto asiye na mtu wa kumshika mkono.

Alikuwapo kijana mmoja, umri wake yamkini miaka 14, aliyekuwa akilala chini ya vichanja vya kuanikia ndakala, na mchana akibeba viroba vya unga kutoka mashuani kwa noti moja ya franka mia tano, siku nyingine kwa sahani ya bukari tu. Wachukuzi walimwita Petit, mama wauza samaki wakamwita Petit, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikamwita hivyo hivyo kwa muda wa miezi mitatu, nikimpa mkate kila nipitapo na kuondoka zangu moyo umetulia, kana kwamba dhima yangu imekwisha. Hata siku moja mvua kubwa ilinyesha, akaja kujikinga barazani kwa msikiti huu. Nilimkuta ameegemea nguzo, viatu vyake vya plastiki amevipakata kifuani asije akaibiwa, anakunja vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja, na midomo yamchezacheza. Nilidhani anavuta uradi. Nikamwuliza, "Mwanangu, wasoma nini?" Akanijibu, "Sisomi, baba. Nawataja wa kwetu."

Ndugu zake wadogo walikuwa wanne, na kidole cha tano kilikuwa cha mama yake. Walitengana njiani, upande wa Fizi, usiku risasi zilipolia. Yeye akapanda mashua akiamini kwamba mama yake yu mbele, na kulipopambazuka akatazama nyuso zote za mashuani moja baada ya moja, asimwone. Tangu siku hiyo, kila usiku kabla ya kulala, huwataja kwa majina, kisha hutaja jina la baba yake, na la babu yake, na la kijiji chao, na mwisho hujitaja yeye mwenyewe, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba jina lake limeanza kumwia geni, kama jina la mtu aliyemjua zamani.

Ndugu zangu, huyu si mmoja. Mji wetu umekaa mahali ambapo Lukuga hulitoka ziwa na reli ikaanza safari yake kwenda Kabalo, na kila msukosuko wa nchi hii hatima yake humwaga watu hapa. Wazee walio katika safu za mbele wanaukumbuka mwaka 1996, vita vilipowavusha maelfu ya watu mpaka Kigoma, wakawekwa Nyarugusu na baadaye Lugufu, na wamo humu ambao walivuka wakiwa watoto. Kisha ikaja fitina ya mwaka 2016, baina ya Waluba na Watwa, majirani waliokuwa wakinunuliana chumvi na asali, vijiji vya Nyunzu na Manono na Kabalo vikachomwa moto, na ulipokwisha mwaka 2017 watu zaidi ya 600,000 wa jimbo hili walikuwa hawamo majumbani mwao, wengine wakikaa katika vibanda vya nyasi kule Katanika. Na mwaka 2025, ilipoanguka Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, mashua zilishuka tena kutoka kaskazini zimejaa. Katika kila mojawapo ya safari hizi wapo watoto waliofika peke yao.

Na katika watoto hao, mwenye dhiki iliyofichikana zaidi ni yule aliye baina ya utoto na utu uzima. Mtoto mchanga akilia sokoni, mama kumi watamkimbilia. Mtu mzima ana ulimi wa kujitetea na miguu ya kuondokea. Lakini kijana wa miaka 14 hana machozi yanayoaminiwa wala nguvu zinazoogopwa. Mwenye duka akimwona, aona mwizi. Askari akimwona, aona mchukuzi asiyelipwa. Mwenye bunduki wa porini akimwona, aona bega la kubebea silaha, na mwenye shimo la koltani kule Kisengo aona mwili mwembamba upitao penye mwanya. Ama msichana wa umri huo, yanayomngoja nyuma ya mabaa ninyi mnayajua, na mimbari hii yanizuia kuyaeleza zaidi. Ndiyo maana kijana huyo hujifunza kuwa na umri wa namna mbili: kwa amtakaye kazi hujikuza, na kwa atakaye kumpiga hujidogosha, na kwa kufanya hivyo siku nyingi hupotewa na umri wake wa kweli. Nasi tukimwona amekuwa mwerevu wa njia, hajui haya, hajui kusalimu, twamwita kwa lile jina la Kinshasa, shege, ilhali ujanja ule ndio uliomweka hai mpaka leo.

Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za kijana wa namna hii kwa urefu ambao hakusimulia kisa kingine chochote katika sura moja, nayo ni Surat Yusuf. Twaisoma, twaisikiliza, twalia, na aghalabu twawalaumu ndugu zake Yusuf waliomtupa kisimani. Napenda leo tuwatazame wale wengine, watu wa msafara, ambao hatuwasemi sana. Walifika wana kiu, wakamtuma mteka maji wao, akateremsha ndoo, na badala ya maji akapanda kijana. Mteka maji alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Laiti kisa kingekoma hapo, tungesema wale ni watu wema waliookoa nafsi. Lakini Kitabu chatueleza walilofanya baadaye: walimficha, wakamfanya bidhaa, kisha wakamwuza kwa dirhamu chache za kuhesabika, nao wala hawakumwona kuwa ni kitu cha thamani.

Tafakarini, rahimakumullahi. Kumtoa mtu kisimani na kumwuza vilitoka katika mikono ile ile, na kilichoyatenganisha mambo hayo mawili ni kule kuficha. Wangeuliza pale kisimani, "Huyu ni mwana wa nani?" na wangetuma mtu mmoja tu kwenye mahema ya karibu, baba yake, Yaakub, asingelia mpaka macho yake yakawa meupe. Hawakuuliza, maana jibu lingewapotezea faida. Na mimi nauliza: ni nyumba ngapi katika mji huu ambamo yumo msichana aliyetokea njiani, anayechota maji tangu alfajiri, anayefua, anayelala jikoni, na jirani akiuliza huambiwa "ni mtoto wa ndugu yetu wa kijijini"? Ni mashua ngapi ambamo kijana huvuta nyavu usiku kucha kwa chakula chake tu, na mwenye mashua husema kwa sauti ya mtu mkarimu kwamba amemwokota? Yule wa msafara naye alimwokota.

Nasi watu wa pwani hii ya ziwa haituhalalikii kusahau. Mtowa, kaskazini ya mji wetu, palikuwa ndipo mahali zilipotia nanga mashua za Ujiji, na misafara iliyokwenda Manyema ilirudi kwa njia hiyo hiyo na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingoni, na wengi katika watu hao walikuwa watoto wa umri wa kijana ninayemsema. Dini yetu tukufu nayo ilipita njia hiyo, pamoja na biashara hiyo ya uchungu. Nayasema haya kwa kuwa mtu ambaye babu yake aliiona njia ile ana wajibu mzito zaidi wa kuutambua mwendo wa bidhaa ya binadamu anapouona tena, hata kama leo hauna mnyororo.

Sasa sharia imesemaje? Alipoletwa mbele ya Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, mtu aliyeokota mtoto aliyetupwa, Umar hakuanza kwa kumsifu. Alimhoji kwanza kwa nini amemchukua, akamtilia shaka, mpaka mkuu wa watu wake aliposhuhudia kwamba ni mtu mwema. Hapo ndipo alipohukumu: mtoto ni huru, akae na aliyemwokota, na matumizi yake yatoke katika hazina ya Waislamu. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kwamba kumwokota mtoto asiye na mwenyewe ni faradhi ya kifaya, tukiiacha sote tumeasi sote. Na kwamba amwokotaye imempasa, kwa kauli yenye nguvu, kuwashuhudisha watu, ili uhuru wa mtoto na nasaba yake visipotee. Tazameni hekima hiyo: hawakuridhika na nia njema ya mtu, walimtaka shahidi.

Basi yeyote aliye na mtoto wa namna hiyo nyumbani kwake, au akimpata kesho, na amlete mbele ya watu wawili waadilifu na mkuu wa mtaa, kisha aende Idara ya Mambo ya Jamii akaandikishe jina lake, na aende kwa Msalaba Mwekundu, ambao miongoni mwa kazi zao ni kuwatafuta jamaa waliopotezana kwa vita. Asiogope kwamba ataambiwa mwizi wa watoto. Mwenye kuogopwa ni yule asiyekwenda. Wala kumdhihirisha mtoto si kumtembeza. Nimeona watu wakipiga picha ya mtoto na kuisambaza katika simu, na jina na mahali alipo, nao hawajui ni macho ya nani yatakayoiona, maana anayemtafuta mtoto si mama yake peke yake. Habari zake wapewe wanaostahiki kuzijua, basi.

Na jina lake lilindwe. Zaid bin Haritha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alitekwa nyara akiwa mtoto, akauzwa sokoni Ukadhi, akafika nyumbani kwa Bibi Khadija, kisha kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Baba yake alizunguka akimtafuta, na aliposikia habari zake akaja Makka kumkomboa. Mtume hakumficha, wala hakutaka fidia. Alimwita Zaid akamhiyarisha, na Zaid mwenyewe akachagua kubaki. Akawa akiitwa Zaid bin Muhammad, hakuna heshima ya jina ipitayo hiyo; lakini iliposhuka amri katika Surat Al-Ahzab kwamba wana wa kulea waitwe kwa baba zao, alirudishiwa jina la Haritha. Ikiwa jina la Mtume halikufunika jina la baba mzazi, je, jina la Petit?

Ama kazi. Kijana mkubwa hutaka kufanya kazi, na kumnyima kila kazi ni kumrudisha kwenye vichanja. Sheria ya nchi, ya tarehe 10 Januari 2009, imemhesabu mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na haikuruhusu kuajiriwa kabla ya miaka 16. Basi wa miaka 14 kazi yake ni shule na kumsaidia mlezi kama mwana wa nyumba asaidiavyo. Na mwenye miaka 16 alipwe, na ujira wake uandikwe katika daftari mbele yake, kwani mnajua jinsi Surat An-Nisaa ilivyokemea kula mali ya yatima. Wala mtoto asiambiwe mchawi kila nyumba inapopatwa na homa au nyavu zikirudi tupu. Sheria hiyo hiyo yamwadhibu amsingiziaye mtoto uchawi, na hukumu ya Akhera ni kali zaidi.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi nanyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yule aliyemnunua Yusuf kule Misri alimwagiza mkewe amtukuzie makazi yake. Alianza na makazi: mahali pa kulala. Leo baada ya sala watakaa barazani wazee wawili wa msikiti na daftari, na dada mmoja mwalimu wa chuo atakaa upande wa wanawake. Mwenye mtoto wa njiani nyumbani aje amwandikishe. Mwenye nafasi ya mkeka mmoja aje aseme. Asiye na nafasi ila ana sahani ya bukari na sombe kwa siku moja ya juma, naye aje. Fedha za Ijumaa hii zote, kwa shauri la wazee, zitakuwa za mablanketi na madaftari ya shule.

Kijana yule sasa analala kwa jamaa mmoja wa msikiti huu, jina lake na la baba yake na la kijiji chao yameandikwa mahali panapostahiki, na habari za mama yake bado hatujazipata.

Ewe Mola wetu, Uliyemkutanisha Yaakub na mwanawe baada ya miaka ambayo watu walikuwa wamekwisha kukata tamaa, wakutanishe waliotengana katika vita hivi. Ewe Mola wetu, wapo wanne wadogo na mama mmoja ambao kijana huwataja kila usiku kwa vidole vyake. Wewe wawajua majina yao na mahali walipo. Wahifadhi kutokana na njaa na maji na mikono ya madhalimu, na uwalete. Amin.

Simamisheni sala.