Mchikichi Usio na Bei

Nyuma ya nyumba ya mzee mmoja anayeuza miche hapa Kalemie, si mbali na daraja la mto Lukuga, imesimama michikichi 11 ambayo haiuzwi. Biashara yake iko mbele, kando ya barabara. Mifuko myeusi ya nailoni imepangwa mistari kwa mistari: milimau, miparachichi, miembe ya kubebesha, na zaidi ya yote michikichi, ambayo wengi wetu huku tunaiita ngazi kwa jina la tunda lake. Anayepita kwa gari huona mistari hiyo tu. Ile ya nyuma huonwa na aliyekaribishwa kunywa maji.

Mara ya kwanza nilipoiona nilimwuliza kama mtu yeyote angeuliza: "Papa, na ile ya nyuma unauza?"

"Ngazi zake nauza," akajibu. "Mama anazikamua mawese. Mbegu zake siuzi. Na miti yenyewe usiniulize."

Nilidhani ni uchoyo. Nilifikiri amejiwekea iliyo bora na kutuuzia iliyobaki, kama mvuvi anayepeleka dagaa sokoni na kurudi nyumbani na kuhe. Kumbe mambo yalikuwa kinyume kabisa, na tangu nilipoyaelewa nimeshindwa kuacha kuyafikiri.

Ili kumwelewa mzee yule ni lazima kwanza kulijua fumbo la mchikichi. Chukua ngazi iliyoiva, uikate katikati kwa panga. Ndani kuna nyama ya rangi ya machungwa inayotoa mawese, kisha ganda, kisha kiini. Kuna michikichi ambayo ganda lake ni nene kama ukuta, nyama ikabanwa pembeni: hiyo wataalamu huiita dura. Kuna isiyo na ganda kabisa, pisifera, nayo kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Katikati yake iko tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, na hiyo ndiyo kila mkulima anayoitaka. Shida ni kwamba mche hausemi. Jani la dura na jani la tenera ni jani lile lile. Unapanda, unapalilia, unafukuza panya na mbuzi, na ni baada ya miaka 3 au 4, mti unapozaa, ndipo panga linapokuambia ulinunua nini.

Fumbo hilo lilifumbuliwa nchini kwetu, katika kituo cha utafiti cha Yangambi, kando ya mto Kongo. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen walichapisha maelezo yake: tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukiokota mbegu chini ya tenera nzuri kuliko zote, iliyochavushwa na tenera mwenzake, nusu tu ya watoto watafanana na wazazi. Robo watarudi kwenye ganda zito, na robo watakuwa wale wasio na ganda wala mavuno ya kutegemea. Kwa hiyo mbegu ya kuaminika haiokotwi. Hutengenezwa kwa mkono, kwa kufunika ua la mama dura na kulipaka chavua ya baba pisifera, kazi inayofanywa hata ng'ambo ya ziwa Tanganyika katika kituo cha Kihinga, Kigoma.

Hebu sasa mfikirie anayeuza mche huo. Mche wa nyanya hujulikana ukweli wake kabla msimu haujaisha. Muuzaji wa mche wa ngazi anauza kitu ambacho hata yeye hajakiona, kwa mtu asiye na njia ya kukipima, na siku ukweli utakapotoka fedha imekwisha kuliwa, mifuko imeoza, pengine muuzaji mwenyewe amehamia Lubumbashi. Sijui biashara nyingine nyingi ambamo uongo una usalama wa miaka 4.

Hapo ndipo ile michikichi 11 inapopata maana. Kila mzigo mpya wa mbegu unapoingia na kuchipua, mzee huchukua mche mmoja na kuupanda nyuma ya nyumba. Hachagui mrefu wala mnene. Anasema huchukua ule ambao mkono umeuangukia. Kila mti pale ni mzigo mmoja, na anaitaja kwa mwaka na kwa njia iliyopita: huu ulikuja na mtumbwi wa injini, huu na treni ya Kabalo, huu alitumiwa na mkwewe. Mti unapozaa, hulikata tunda lake mbele ya wanawe. Mti mmoja hauthibitishi mzigo mzima, naye anajua. Lakini mti wenye ganda nene, pale ambapo aliahidiwa tenera tupu, unatosha kumkosesha usingizi.

Miwili kati ya 11 ina ganda nene.

Nilimwuliza kwa nini asiikate akapanda mingine. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Akanieleza kwamba mti wa kwanza ulipomwonyesha ganda, alianza kuwatafuta walionunua mzigo ule. Wengine aliwapata, akawapa miche mingine bila malipo. Wengine hakuwapata. "Hao ambao sikuwapata," akasema, "ndio wenye mti huu. Nitawakatia vipi mti wao?"

Waswahili tunasema ahadi ni deni, na tunasema hivyo upesi upesi, kana kwamba neno limekwisha. Lakini deni la kawaida lina mdai. Kuna mtu atakayebisha mlangoni. Mnunuzi wa mche hajui hata kwamba anaweza kudai; akiona ganda nene atalaumu udongo, atalaumu mvua, pengine atamlaumu jirani mwenye kijicho. Mzee huyu, kwa kuwa hapakuwa na mdai, amejipandia mdai. Amemweka uani kwake, akamwagilia, akamlisha samadi, akamngoja akue mpaka aweze kusema. Naona hilo ni tendo kubwa la akili na la moyo. Tumezoea kudhani kwamba anayekusanya vitu anajiongezea mali. Huyu amekusanya ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo ni dhidi yake.

Yapo makusanyo ya aina nyingine, nami siyadharau. Duniani wako wakuzaji na wauzaji wa mimea ambao nyuma ya vitalu vyao wana bustani za binafsi za jamii hii ya mnazi na mtende, na hawaziuzi kwa bei yoyote. Jamii hiyo ina spishi zipatazo 2,600, na Wafaransa wanaziita zote kwa neno moja. Kiswahili hakikufanya hivyo. Kina mnazi, mtende, mchikichi, mkindu, mvumo, mkoche, mpopoo, na mpapindi ambao kwa asili huota kisiwani Pemba tu. Kila mti umepewa jina lake na watu waliokaa nao, waliosuka ukindu wake au kuezeka kwa makuti yake. Nadhani tofauti hii inasema jambo. Mwenye neno moja la jumla hutaka kuikamilisha jamii, moja ya kila aina. Mwenye majina mengi huuliza kwanza: huu ni nani kwangu?

Na bado hata kwa wale wakusanyaji wa mbali kuna kitu kinachonigusa. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza mti mpya kutoka kaskazini-magharibi mwa Madagaska, Tahina spectabilis, mkubwa ajabu, ambao hukua kwa miongo kadhaa, hutoa maua mara moja tu, kisha hufa. Miti mizima iliyojulikana haikufika 100. Mbegu ziliuzwa kwa wakusanyaji wa nje kwa mpango ambao ulirudisha fedha kwa wanakijiji wanaoutunza. Wengi walionunua mbegu hizo hawatayaona maua yake. Walijua hivyo walipolipa. Wao na mzee wa Lukuga wanafanana hapo: wamefunga maisha yao na kitu chenye muda mrefu kuliko subira ya soko.

Nchi yetu ilikuwa na mkusanyo kama huo, na sisemi hili bila uchungu. Bustani ya mimea ya Eala, jirani na Mbandaka, ilianzishwa mwaka 1900. Humo kulikuwa na mchikichi mmoja wa tenera, maarufu kwa jina la Djongo. Mbegu zake zilipandwa Yangambi, na nyingine zikasafirishwa hadi Sumatra mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kutoka ukoo huo walipatikana mababa wa pisifera wanaotumika hadi leo kuzalisha mbegu za mashamba ya Malaysia na Indonesia. Mama zao walitoka kwingine, katika ukoo wa miche 4 iliyopandwa bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848. Maana yake ni kwamba kisima kikubwa cha mafuta ya kula duniani kina upande mmoja wa ukoo wake katika uwanja wa Eala, kwa sababu mtu fulani aliuona mti mzuri akachukua mbegu zake. Leo Kongo inaagiza mafuta ya mawese kutoka nje. Tulitoa mbegu, tukaacha kuwatunza wazazi.

Narudi Kalemie, kwa sababu hapa kuutunza mti kuna uzito wake. Mwaka 2017 mkoa wetu wa Tanganyika ulikuwa na watu zaidi ya nusu milioni waliokimbia makwao, na wengi walijenga vibanda vya nyasi kuuzunguka mji huu. Aliyekimbia hubeba godoro, sufuria, mtoto mgongoni. Mchikichi haubebeki. Una kilele kimoja tu cha kukulia. Ukikatwa hapo, umekufa, hauchipui pembeni. Shina lake halina gome la kufunika jeraha, kwa hiyo alama ya panga au ya moto itabaki ilivyo mpaka siku mti utakapoanguka. Ukiwa mchanga hukaa chini miaka, ukijipanua kitako bila kupanda juu, na asiyeujua atadhani umedumaa. Kuupanda ni kusema: nitakuwepo. Katika nchi ambamo kila mtu ana hadithi ya kuondoka usiku, hilo ni neno zito kulitamka, na mzee wangu amelitamka mara 11.

Ziwa nalo linajua habari hizi. Msafiri Stanley alimkuta mwenzake Livingstone Ujiji mwaka 1871. Aliporudi mwaka 1876 aliandika kwamba miti 3 ya jamii ya mnazi na mtende, aliyoiacha katika uwanja wa soko, sasa imesimama ndani ya maji, mbali na ufuko. Wakati huo mlango wa Lukuga, huu huu tunaouvuka kila siku, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Msafiri mwingine, Cameron, alikuwa ameufikia mwaka 1874. Miaka michache baadaye maji yaliubomoa mzibo, ziwa likashuka. Watu wa pwani hizi walijuaje kwamba maji yamepanda? Nyumba hujengwa upya, soko huhamishwa, wazee husahau. Miti mitatu ilibaki pale pale, na kwa kubaki kwake ikapima kile kilichohama. Katika miaka hii ya karibuni ziwa limepanda tena na kuingia katika mitaa ya chini ya Kalemie, na wengi wamejua kiwango cha maji kwa namna hiyo hiyo, kwa kutazama shina la mti wanaoufahamu.

Nadhani mtu naye anaweza kuwa wa namna hiyo kwa wenzake. Namaanisha mtu ambaye, kwa kuwa neno lake limesimama mahali panapojulikana, wengine wanaweza kupima kwake mambo yamesogea kiasi gani. Sisemi wema, kwa sababu wema unaweza kutendwa mara moja na mpita njia. Hili linahitaji kupatikana: baada ya miaka 4 mtu aje na ngazi mkononi, akukute, mkate pamoja na kutazama.

Mwezi uliopita nilipita tena. Mti wa 12 umepandwa, kimo cha goti, umezungushiwa matete kwa ajili ya mbuzi. Mzee hajui bado ganda lake likoje.

Siku ukienda kununua miche ya ngazi, iwe hapa kwetu, Moba, Fizi au ng'ambo Kigoma, usianze na bei. Mwombe muuzaji akupeleke nyuma ya nyumba.