Mlango Wazi Si Mwaliko

Sauti ikishatoka mdomoni mwa mtu na kupita hewani, ni ya nani? Swali hili linaonekana la kitoto hadi uwe na kifaa kinachoweza kuinasa. Mimi ninacho.

Skana ni redio isiyotafuta muziki. Inapitia masafa moja baada ya jingine, na ikikuta mtu anaongea, inasimama. Kuna watu, hasa Marekani na Uingereza, ambao wamefanya hii kuwa burudani yao kwa miongo mingi: wanasikiliza zimamoto, marubani, treni, polisi. Skana yangu ya kwanza ilikuwa ya analogi, kuukuu, niliyouziwa na fundi mmoja Luthuli baada ya kuacha chuo, wakati nilikuwa na muda mwingi na pesa kidogo. Siku hizi natumia kidude cha USB kinachofanana na flashi. Kilitengenezwa kwa ajili ya kutazama TV kwenye kompyuta, mpaka mwaka 2012 wajuzi wakatangaza kwamba chipu yake inaweza kunasa mawimbi ya aina nyingi sana. Programu za bure zinafanya kazi iliyobaki.

Kuhama huku kutoka analogi hadi dijitali kulinifanya nihoji kitu nilichokuwa nakichukulia poa, yaani haki yangu ya kusikiliza.

Analogi ni rahisi kuelewa. Sauti inabebwa na wimbi kwa umbo lake lenyewe. Msemaji akiwa mbali, mikwaruzo inaongezeka, na sikio lako linajaza mapengo. Yeyote aliye na redio ya masafa hayo anasikia. Ndiyo maana wapenzi wa skana walijijengea msemo: hewa ni ya wote, kama hutaki kusikika, nyamaza.

Dijitali hukatakata sauti kuwa namba, kisha mashine upande wa pili inaiunda upya. Ndiyo maana haina mikwaruzo: unasikia vizuri, vizuri, halafu ghafla hakuna kitu. Sisi tulijifunza hili kwa ving'amuzi mwaka 2015, picha za TV zilipoacha kuonyesha chenga na kuanza kuganda. Lakini watu wengi huchanganya mambo mawili. Redio kuwa ya dijitali hakumaanishi imefungwa. Mfumo wa P25 unaotumiwa na polisi wengi wa Marekani unaweza kusikilizwa na yeyote mwenye kifaa kinachouelewa, ilimradi hakuna aliyeyafunga mawasiliano kwa ufunguo wa siri. Kufunga ni hatua nyingine kabisa. Mtu fulani anakaa ofisini na kuamua kufunga.

Kwangu hapo ndipo penye uzito. Enzi ya analogi, uwazi ulikuja tu na teknolojia. Hakuna mkuu wa polisi aliyeketi akasema, "Wananchi wanastahili kutusikia." Walisikia kwa sababu kuwazuia kulikuwa kugumu na ghali. Dijitali imegeuza uwazi kuwa uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuulizwa.

Sheria hazitusaidii sana, manake hazikubaliani. Uingereza, kumiliki skana si kosa, lakini kusikiliza ujumbe usiokusudiwa wewe, bila idhini, ni kosa chini ya sheria ya 2006. Marekani, kwa jumla, redio ya polisi isiyofungwa unaweza kuisikiliza, lakini simu za watu zimelindwa na sheria tangu 1986. Hapa kwetu, Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Hewa ni ileile, majibu matatu.

Tuangalie visa halisi. Mwaka 2020, wakati wa maandamano baada ya kifo cha George Floyd, watu waliokuwa wakisikiliza redio ya polisi wa New York walinasa sauti zikisema waandamanaji wapigwe risasi, wakanyagwe na magari. Bila wasikilizaji wale, maneno hayo yangepotelea hewani. Mwaka 2023 polisi wa jiji hilo wakaanza kufunga redio zao, wakianzia Brooklyn. Chicago nao walifunga, kisha wakaruhusu umma kusikia baada ya kuchelewa dakika 30.

Lakini polisi wanaofunga nao wana hoja. Mwaka 2013, baada ya mabomu ya mbio za Boston, maelfu walifuatilia redio ya polisi mtandaoni usiku kucha. Likasambaa jina la mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea, ati limetajwa redioni kuwa ndiye mshukiwa. Hakuhusika hata kidogo. Alikuja kupatikana akiwa amefariki, na familia yake ilikuwa imeshambuliwa kwa matusi wakati bado inamtafuta. Na hata siku ya kawaida, redio za dharura hubeba anwani ya mama aliyepigwa na mumewe, au hali ya mgonjwa aliye ndani ya ambulensi. Mama huyo hakuchagua masafa. Utamwambia nini, kwamba angenyamaza?

Kwa hivyo ule msemo wa hewa ni ya wote umenishinda. Na kilichoumaliza kabisa kiko hapa nyumbani.

Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, vijana wengi walipakua Zello, programu inayofanya simu iwe kama redio ya upepo. Watu waliambiana barabara zipi zina vitoza machozi, wapi kuna maji, wapi kuna daktari. Yaliyosemwa kwenye chaneli iliyo wazi kwa kila mtu yangeweza kusikilizwa na kila mtu, pamoja na aliyetumwa kusikiliza. Sasa chukua ule msemo wetu wa skana uutie mdomoni mwake: kama hamkutaka kusikika, mngenyamaza. Unasikia unavyobadilika? Sisi tulioutumia kumsikiliza mwenye nguvu, tumempa sababu ya kutusikiliza. Kanuni inayonifaa mimi pekee si kanuni, ni ujanja.

Ninachoshikilia sasa ni hiki. Mlango ukiwa wazi au ukifungwa, hilo halijaniambia kama nina haki ya kuingia. Swali la kwanza ni anayeongea anaongea kama nani. Afisa anayetoa amri ya kutumia nguvu anaongea kwa mamlaka tuliyompa na kwa mshahara tunaoulipa, kwa hivyo maneno yake yana wenyewe, na wenyewe ni sisi. Mgonjwa, mama aliyepigwa, kijana anayeuliza njia salama ya kufika nyumbani: hao wanaongea kwa niaba yao wenyewe, na maneno yao hayawi yangu kwa sababu antena yangu ni nzuri.

Mtauliza, na redio inayobeba wote wawili kwa pamoja? Teknolojia ileile ina jibu. Dijitali inaweza kutenga chaneli, kufunga hii na kuacha ile, kurekodi kila kitu na kukiachilia baadaye. Shida yangu na dakika 30 za Chicago si dakika zenyewe. Polisi wana haki ya kutomwambia mwizi kwamba wako mlangoni. Shida ni nani anashika ufunguo na rekodi. Akiwa ni yuleyule anayechunguzwa, tunachoachiwa kusikia ni hisani yake.

Mazungumzo ya marubani na minara bado ni ya analogi hadi leo. Wawili wakiongea kwa wakati mmoja, kunatokea mlio unaokujulisha kwamba kuna mwingine pale. Dijitali hainipi mlio kama huo. Inanipa sauti safi au kimya, na siku hizi najali zaidi kimya: ni cha mtu anayelindwa, au cha mtu anayejificha? Mashine haiwezi kunijibu. Itabidi tuulize kwa sauti, na tumuulize aliyefunga.