Jiko Lisilotoa Moshi

Tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na kabla mwezi haujaisha Kirumba nayo ikawa imeanguka. Watu wakaishika barabara ya taifa namba 2 kuelekea kaskazini: Kaseghe, Alimbongo, Lubero, Butembo, na wenye ndugu huko mbele wakafika Beni. Familia ninayoisimulia hapa nimeitunga ili ifundishe, ndiyo maana haina jina. Lakini barabara ni ya kweli, baridi ya Lubero ni ya kweli, na jiko kama lao linauzwa katika masoko ya Kivu.

Usiku wa kufunga mizigo, mzozo wao ulikuwa juu ya jiko. Nyanya wa nyumba alitaka mbabula, yaani jiko lao la makala, iachwe.

“Mawe matatu yako kila mahali, mwanangu,” alimwambia baba wa watoto. “Nani anabeba jiko anapokimbia?”

“Mama, tutapata wapi kuni kavu kwenye mvua hii? Na moshi utawamaliza watoto macho. Makala hayana moshi.”

Nyanya akanyamaza. Mbabula ya bati ikafungwa juu ya godoro, nusu gunia la makala ya mkaratusi likapanda kwenye kiti cha baiskeli, na safari ikaanza.

Lazima niseme kwamba huyu baba hakuwa mjinga. Kwa uzito ule ule, makala hutoa joto karibu mara mbili ya lile la kuni, na anayesukuma baiskeli kupanda milima ya Lubero anajua kilo moja ni nini. Maharagwe yanahitaji moto wa saa nyingi usiotaka kuchochewa kila mara, na makala yanautoa. Moshi wa kuni unaumiza kweli macho na mapafu ya watoto. Hesabu yake yote ilikuwa sawa. Alisahau swali moja tu: jiko hili litawaka wapi?

Walipata kiwanja kwa mtu mwema nje kidogo ya mji wa Lubero. Wakasimamisha miti, wakatandaza turubai juu na pembeni, na chini wakakandamiza udongo pande zote ili upepo usipenye. Siku za kwanza mama alipika nje chini ya kibanda kisicho na kuta, na hakuna aliyeugua. Kisha mvua ikaanza kuja kila jioni. Makala nayo yanauzwa kwa pesa, na mbabula iliyoachwa nje usiku haikutwi asubuhi. Basi chakula kilipoiva, mama aliinua mbabula pamoja na makala mekundu yaliyobaki, akaiingiza ndani na kuyafunika kwa jivu ili yadumu. Hema likapata joto. Watoto wakalala vizuri kuliko siku zote tangu watoke Kirumba.

Asubuhi kichwa kiliwauma wote isipokuwa nyanya, aliyekuwa akilala mlangoni. Mtoto wa kati alitapika. Baba akasema ni malaria. Jirani mmoja akanong’ona kwamba ni karuho, yaani sumu, kwa kuwa jana yake walikuwa wamekula sombe (kisamvu) iliyotoka kwa mtu wasiyemjua vizuri. Kwenda kituo cha afya kukaahirishwa, na hilo halishangazi katika nchi hii. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulifika Beni na Butembo, na hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Tangu hapo, wapo wanaoona ni heri kuficha kichwa kinachouma na matapishi kuliko kuulizwa maswali. Kilichowapoteza zaidi ni hiki: ilipofika saa sita mchana, baada ya kushinda nje, wote walikuwa wamepona.

Usiku wa tatu baridi ilizidi. Baba aliongeza makala mawili matatu juu ya yale ya zamani na kuziba upenyo wa mlango kwa kitenge. Mtoto wa kati alilala karibu kabisa na mbabula, kwa sababu alikuwa mgonjwa na walimwonea huruma. Alfajiri hakuamka. Mama, aliyekuwa na mimba, aliburutwa nje akiwa hawezi kusimama. Kufikia jioni watu walikuwa wamekwisha kwenda kumzingira yule aliyewapa sombe.

Aliyemwokoa mtu yule ni muuguzi aliyefika na kuuliza: “Jiko lenu lililala wapi?”

Kuni zikiungua vibaya hutoa moshi, na moshi humwamsha mtu, humkohoza, humfukuza atoke. Makala yamekwisha kupoteza moshi wao kwenye tanuru. Yanapoungua katika hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Damu yetu huchukua oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka mwilini, na gesi hii hukalia kiti cha oksijeni ndani ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, huku ubongo na moyo vikikosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, miguu inalegea, kisha usingizi. Aliyekwisha kulala hapiti hatua hizo akizijua. Mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi ya mama yake. Na lile jivu tunaloamini linalituliza jiko huyafanya makala yaungue polepole kwa hewa haba, na hivyo ndivyo gesi inavyotengenezwa usiku kucha.

Watu wa Goma na kandokando ya ziwa wanaijua mazuku, hewa ya volkano inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watu. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito, inayotambaa chini, kwa hiyo kupanda mahali palipoinuka kunasaidia. Gesi ya makala huenea hema zima, juu na chini. Kulala kitandani hakukuepushi nayo.

Tena haya si mambo ya maskini peke yao. Huko Ulaya na Marekani watu huenda kupiga kambi kwa starehe, wakiwa na mahema mazuri na majiko ya kuchomea nyama, na wapo waliokutwa wamekufa kwa sababu mvua ilinyesha wakaliingiza jiko hemani ili wapate joto. Mahema yao yalikuwa ya bei, gesi ikawa ile ile.

Basi, ukichagua jiko la safari, la kambi au la ukimbizini, anza na mahali, kisha uende kwenye bei na uzito. Ukiwa na nafasi ya wazi, mawe matatu yanatosha, na nyanya alikuwa na sababu. Ukiwa na makala, jiko bora lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, kama yanayotengenezwa Goma, au lile jiko la Kenya lililoenea tangu miaka ya 1980, hutunza joto na kupunguza makala unayonunua, jambo jema kwa mfuko na kwa misitu ya Virunga. Lakini jina la jiko bora lisikudanganye: linapunguza makala, haliondoi sumu. Hata jiko dogo la gesi ya mtungi au la mafuta ya taa, ambalo wengi hulisifu kwa usafi, linahitaji hewa, na likiwashwa ndani ya turubai lililofungwa huleta hatari ile ile, pamoja na hatari ya kuliunguza turubai lenyewe. Sijaona jiko la moto ambalo ningekubali walale nalo watoto wangu.

Najua mtu atauliza kuhusu baridi na wezi, na ana haki ya kuuliza. Wezi kwanza. Makala yaliyobaki yazimwe nje kwa maji. Yatakauka juani na kuwaka tena. Mbabula ikiwa baridi kabisa, iingize ndani ulale nayo. Kwa baridi, ardhi ndiyo inayoiba joto kuliko upepo, kwa hiyo tandika majani makavu mengi chini ya mkeka. Chemsha maji kabla ya kuzima jiko, yatie kwenye bidoni inayofungwa vizuri, izungushie nguo na uiweke miguuni mwa watoto. Acha upenyo mmoja chini na mwingine juu, hata kama unapitisha upepo.

Na ukikuta nyumba au hema ambalo watu kadhaa wameamka pamoja na kichwa kizito na kichefuchefu, ambao hupata nafuu wakitoka nje, usitafute mchawi wala mtia sumu. Watoe wote kwenye hewa safi kwanza, na usikae ndani wewe mwenyewe. Kisha wapeleke kituo cha afya hata kama wanasema wamepona, hasa mjamzito na watoto, na umwambie muuguzi waziwazi kwamba walilala na makala. Katika hewa ya kawaida gesi hii huchukua saa nne au tano kupungua nusu mwilini. Kwa oksijeni ya hospitali, huchukua kama saa moja na nusu.