Kumtunza Asiyejiweza

Msomaji, hapana shaka umepata kuona mtu mzima akilishwa kwa kijiko kama mtoto. Kiharusi hushika ghafula. Mtu aliyelala na nguvu zake zote huamka upande mmoja wa mwili umelegea, mkono hauinuki na ulimi ni mzito. Jamaa zake hukusanyika kwa huruma. Mmoja humwosha, mwingine humvika, wa tatu humlisha, na kila mmoja huamini ya kuwa kadiri amfanyiavyo mengi ndivyo ampendavyo zaidi. Je, yawezekana huruma ya namna hii ikamdhuru mgonjwa?

Mimi nilikuwa mmoja wa jamaa hao. Mjomba wangu alipopatwa na maradhi haya, niliwekwa kumsaidia wakati wa kula. Kila alipojaribu kushika kikombe kwa mkono mgonjwa, chai ilimwagika juu ya kanzu yake, nami niliwahi kumpokonya kikombe nikamnywesha. Nilijiona mwema sana. Siku moja muuguzi mmoja mzee alikuja kumzuru, akanitazama kwa kitambo, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nikimsaidia mjomba au nikijipunguzia kazi ya kufua. Sikuwa na jibu.

Mwili hunyang'anywa kisichotumika. Misuli iliyolala husinyaa, maungio hukakamaa, na ngozi inayokandamizwa mahali pamoja kwa saa nyingi hufanya vidonda. Ubongo nao, sehemu yake moja ikifa, waweza kujifunza njia nyingine ya kuuamuru mkono. Lakini hujifunza kwa kurudia na kukosea, kama wewe ulivyojifunza kuandika. Amwondoleaye mgonjwa kukosea humwondolea na kujifunza.

Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, karibu na London, ilichukua majengo jirani yaliyokuwa ya kuwekea maskini na wagonjwa wa siku nyingi. Daktari Marjory Warren akakabidhiwa wagonjwa 714 waliokuwamo. Wengi walikuwa wazee waliolazwa bila mtu kutazamia ya kuwa wataamka tena. Warren alimpima kila mmoja kana kwamba amefika siku ile. Akaona ya kuwa wengi hawakufungwa kitandani na maradhi, bali na mazoea ya kulazwa. Akawaanzishia mazoezi na kuvitengeneza vyumba vyao vipendeze. Wengi waliinuka, na baadhi yao wakarudi makwao. Zingatia ya kuwa hakuwa na dawa mpya hata moja. Alikuwa na tumaini tu, na ukaidi kidogo.

Walakini, hapa pana mtego. Tukisifu sana wale walioinuka, twaweza kumchoka yule ambaye hatainuka kamwe. Mtego huu umewanasa hata matajiri. Huko Marekani serikali iliunda bima ya wazee iitwayo Medicare mwaka 1965, na bima hiyo hulipia uuguzi wa kitaalamu katika nyumba za wauguzi kwa siku zisizozidi 100 kwa kila kipindi cha ugonjwa. Kwa miaka mingi wagonjwa walinyimwa malipo kwa hoja ya kuwa hawapati nafuu. Mashtaka yakapelekwa mahakamani, na mapatano yaliyoidhinishwa mwaka 2013 yakaeleza ya kuwa nafuu si sharti; ikiwa utaalamu wa muuguzi wahitajika ili hali ya mgonjwa isizidi kuharibika, hiyo ni sababu ya kutosha. Naona hukumu hiyo ni ya haki, ingawa siku zenyewe bado ni za kuhesabiwa.

Hapa kwetu wako wasemao ya kuwa kumpeleka mzee katika nyumba ya kutunzia wazee ni kumtupa. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa aghalabu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Binti mmoja, peke yake, hawezi kazi hiyo mwaka mzima pasipo kuugua yeye mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema ya kuwa wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Neno lililotumika ni "na", wala si "au". Kwa hiyo mtoto alipaye ada kila mwezi asifike hata mara moja hajatimiza fungu lake. Na Serikali inayomsifu binti yule kwa uvumilivu wake bila kumpa muuguzi wa kumpokea zamu, nayo haijatimiza lake.

Mjomba wangu hakupona kabisa. Mkono ulirudi kwa kiasi cha kushika kikombe cha nusu, si kikombe kamili. Basi tulimjazia nusu, tukangoja, akanywa mwenyewe. Kanzu zilichafuka, nami nikazifua.