Uwazi na Haki

Watu wengi husadiki kwamba jambo likifanywa hadharani limekwisha kuwa la haki. Giza ni maficho ya mwizi, na mwanga ni mlinzi wa mwenye mali. Kwa hiyo soko ambalo kila biashara yake huonekana hudhaniwa kuwa soko lisilo na hila. Imani hii ni njema, lakini yastahili kupimwa, maana liko soko moja la siku hizi linaloikana.

Soko hilo halina jengo wala mkuu. Ni soko la sarafu za kidijitali, linaloendeshwa na programu juu ya blokucheni, yaani daftari ambalo kurasa zake zimefungamana kama pete za mnyororo, na nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani. Daftari la Bitcoin lilifunguliwa mwaka 2009, na la Ethereum mwaka 2015. Katika Ethereum ukurasa mpya huongezwa kila baada ya sekunde 12 hivi. Agizo la mnunuzi hungoja zamu pamoja na mengine, na atoaye ada kubwa kwa kawaida hutangulizwa. Katika kungoja huko agizo laweza kuonwa na watu wote.

Kuonwa si kusomwa. Agizo hufika kama msururu wa herufi na tarakimu usio na maana kwa mtazamaji. Baiti 4 za kwanza hutaja kazi inayotakiwa. Zinazofuata hutaja kiasi, sarafu na masharti. Mwenye kuujua mpangilio wake huyafumbua yote, kama king'amuzi kinavyogeuza mawimbi ya angani kuwa picha sebuleni. Tena mtiririko haukomi. Sharti upokewe, ufumbuliwe na ujibiwe papo kwa papo. Kazi hii ni halali, na bila yake programu za biashara zisingejua bei. Walakini ndiyo pia mlango wa ulanguzi.

Mathalani, kijana wa Moshono, katika jiji la Arusha, ameagiza sarafu kwa simu yake, akataja bei ya juu kabisa anayoikubali. Mashine ya mlanguzi, iliyo mbali na Mlima Meru lakini karibu na chanzo cha habari, hulisoma agizo lake, hununua mbele yake na kuipandisha bei hadi karibu na ukomo aliouweka. Humwacha anunue, kisha huuza nyuma yake. Kijana amepata alichotaka kwa bei aliyoiridhia. Hata hivyo amelipa kuliko ilivyompasa, kwa sababu tu nia yake ilijulikana kabla ya tendo lake.

Mtetezi wa mlanguzi husema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Daftari li wazi, na aliyewahi amewahi. Lakini lau mtu katika soko la Tengeru angemsikia mteja akiulizia ndizi, akakimbia kuzinunua zote katika meza ya mbele na kumngoja kwa bei kubwa, wanasoko wasingesifu wepesi wa miguu yake. Wangesema amechuma katika nia ya mwenziwe, wala hakuongeza hata chane moja sokoni. Mkulima huongeza kitu, mchukuzi huongeza kitu, mwenye ghala huongeza kitu; kuwahi peke yake hakuongezi kitu.

Ugumu wa jambo hili umefika hata mahakamani. Mwaka 2024 ndugu wawili walishtakiwa Marekani kwa madai kwamba, mwezi wa Aprili 2023, walijipatia dola milioni 25 hivi katika sekunde zipatazo 12, kwa kuzitega mashine za walanguzi wa namna hii. Mwezi wa Novemba 2025 baraza la raia waamuzi halikuafikiana, na kesi ikavunjika bila ya hukumu. Nchini Tanzania, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kodi hupima mali iliyopita mkononi, haiulizi ilipitaje.

Dawa mbili zimebuniwa. Ya kwanza ni kupeleka agizo kwa siri; lakini hii hurudisha haja ya kumwamini mtunza siri, na soko hili liliundwa ili kuikimbia haja hiyo. Ya pili ni kuyakusanya maagizo ya muda mmoja na kuyapa bei moja, ili kuwahi kusiwe na faida. Hii ya pili i karibu zaidi na haki.

Uwazi, basi, ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kwamba walio mbele ya daftari waweze kulisoma na kujibu kwa muda unaolingana. Barua iliyoachwa wazi barazani haiwi mali ya mpita njia kwa kuwa anajua kusoma. Elimu ya kufumbua ni neema, na mwenye neema ana deni kwa asiyekuwa nayo.